Ritena Iliyokataa Kuingia

Ritena yangu ya zamani, kile kifaa cha kuzuia meno yaliyonyooshwa kwa waya yasirudi yalikotoka, niliikuta kwenye droo, ndani ya kijisanduku chake cha bluu, chini ya betri zilizokufa na funguo za milango nisiyoikumbuka. Nilikuwa natafuta pasipoti. Niliacha kuivaa nikiwa na miaka 22, na siku hiyo nilikuwa na miaka 33. Nikaiosha, nikasimama mbele ya kioo, nikaisukuma kwenye meno ya chini kama nilivyozoea. Ikagoma. Kulia iliingia, kushoto ikabaki inaelea kama mfuniko wa sufuria nyingine. Nikakaza kidole. Ikalia "kwa!", ikakatika katikati.

Ndipo nikasogea karibu na kioo. Jino moja la mbele lilikuwa limepiga hatua kumtangulia mwenzake, na jirani yake limegeuka ubavu kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Siwezi kusema nilishtuka. Nilikuwa najua tangu zamani, ila nilikuwa sijakubali kujua.

Mara ya kwanza kufungwa waya nilikuwa na miaka 15, na zilikaa miezi 26. Baada ya hapo nikapewa ritena na maelekezo. Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanafunzi bora. Mwaka wa pili niliivaa usiku tu, kama nilivyoruhusiwa. Baadaye niliivaa usiku niliokumbuka, kisha usiku niliojisikia vibaya kwa kutoivaa, kisha basi.

Nilipowaambia watu kwamba nafungwa waya tena, wengi waliuliza swali lilelile: kwani meno ya mtu mzima hayatulii? Hayatulii. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi wenye unene wa milimita 0.2 hivi, na jino linaning'inia humo. Waya ikilisukuma, upande unaobanwa kuna seli zinazokula mfupa, na upande linakotoka kuna seli nyingine zinazojenga mfupa mpya. Mambo yakienda vizuri jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Ukucha wa kidole unalipita mbio. Siku waya zinapotolewa, mfupa mpya bado mchanga, na nyuzi za fizi bado zimevutika kama mpira, zinataka kulirudisha jino lilikotoka. Huchukua karibu mwaka mzima kujipanga upya. Na hata zikishajipanga, meno ya mbele ya chini yana tabia ya kubanana kadiri mtu anavyokua, awe aliwahi kufungwa waya au hakuwahi.

Nilishaandaa mtu wa kumlaumu: magego ya mwisho. Daktari wangu wa mara hii ya pili alitabasamu tu. Akaniambia ushahidi kwamba magego hayo ndiyo yanayosukuma meno ya mbele ni dhaifu, na wasio nayo meno yao hubanana vilevile. Akauliza ritena iko wapi. Nikamwonyesha vipande viwili.

Kwa hiyo nikaanza upya. Siku chache kabla ya kufungwa, walinipachika vijipete vya mpira kati ya magego ili ipatikane nafasi ya pete za chuma za kuyavalisha magego hayo. Hili nilikuwa nimelisahau kabisa tangu ujana, na sijui niliwezaje. Unahisi kama kipande cha nyama kimekwama kati ya meno mawili na ulimi haupumziki, unakitafuta usiku kucha. Siku yenyewe ya kufungwa haiumi: mashavu yamevutwa kwa plastiki, kinywa kimekauka, kuna ladha ya uchachu ya asidi inayotayarisha jino lishike gundi, kisha taa ya bluu jino moja baada ya jingine. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa mbwembwe. Jioni maumivu yakaja. Siku ya pili mkate laini ulinishinda. Siku ya tano nilikuwa nakula, na wiki ilipoisha nilikuwa nimesahau. Kila waya ilipobadilishwa, wimbo ulirudiwa, ila kwa sauti ya chini.

Kilichonisaidia zaidi ya vidonge ni maji baridi, na hapa lazima nichepuke kidogo maana jambo lenyewe linanifurahisha. Waya nyembamba za mwanzo ni mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yaliyobuniwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na William Buehler ndiye aliyekuwa akiyashughulikia. Yalikuwa hayana uhusiano wowote na meno. Inasimuliwa kwamba kipande chake kilichokunjwa kilizungushwa kikaoni, mtu akakipasha kwa kiberiti cha kuwashia kiko, kikajinyoosha chenyewe. Katika miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akayaingiza kinywani. Waya ya namna hiyo ikipata joto la mwili inalitafuta umbo lake la asili, na ikipata baridi inalegea. Ndiyo maana ukishika funda la maji baridi mdomoni, ule mkazo unapungua kwa muda. Nilikuwa naketi saa nane usiku na glasi yangu, nikiwaza kwamba kinywani mwangu kuna kumbukumbu mbili zinazogombana: waya inakumbuka kunyooka, meno yanakumbuka kwenda upogo.

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti. Narekodi masomo na hadithi, saa tatu au nne kwa siku, maikrofoni ikiwa sentimita chache kutoka mdomoni. Watu walinitisha kwamba sitaweza tena kutamka "s". Wapi! "S" haikunipa shida hata kidogo. Shida ilikuwa "th" na "dh", kwa sababu kuzitamka lazima ncha ya ulimi ichungulie nje kidogo, na ikichungulia inakutana na chuma. Neno "thelathini" lilinichubua ulimi. Hadithi moja ilikuwa na mhusika aliyependa dhahabu kupita kiasi, na kufikia ukurasa wa kumi nilikuwa namchukia kwa sababu zangu binafsi. Zaidi ya hapo midomo inakauka haraka ikipita juu ya braketi, vile vipande vidogo vilivyogundishwa kwenye meno kushikilia waya, na kila inapobanduka maikrofoni inanasa mlio mdogo, "pwa". Dawa niliyoipata ni nta: vidonge vidogo kama punje ya mchele, navibandika kwenye braketi sita za mbele za chini kabla ya kurekodi. Nta haishiki penye mate. Kausha kwanza braketi kwa karatasi laini, ndipo uibonyeze. Niliharibu pakiti nzima kabla ya kuligundua hilo.

Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa amefungwa waya miezi mitatu kabla yangu. Alikuwa na miaka 13 na hakuniachia nafasi ya kujidai.

"Mama mdogo, kwenye haya mambo mimi ndiye mkubwa wako."

"Mimi nilivaa kabla hujazaliwa."

"Ulivaa ukaacha. Hiyo haihesabiki."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuvalisha vile vijimpira vya kuvuta taya, vinavyonasa kulabu ya juu na kulabu ya chini. Vyake vilikuja kwenye pakiti yenye picha ya mnyama, maana watengenezaji wengine hupanga ukubwa na nguvu za mpira kwa majina ya wanyama. Unavaa saa 22 kwa siku, unavua ukila na ukipiga mswaki, unabadilisha kila siku kwa kuwa mpira huchoka. Mwanzoni vilikuwa vinaniruka, kimoja kikatua kwenye chai. Kuna wiki nilivaa usiku tu nikadhani ni siri yangu. Daktari alitazama namna taya linavyofunga, akaandika kitu kwenye faili, akasema, "Tutaonana tena baada ya wiki nne, ukiwa umevaa." Mpwa wangu alikuwa chumba cha kusubiri. Alisikia kila neno.

Sasa niseme la usafi, ambalo ndilo ningependa ulisome hata kama mengine yote umeyaruka.

Nina madoa mawili meupe kama chaki, moja kwenye chonge ya juu kushoto, jingine kwenye jino la pili yake. Ukiyatazama kwenye mwanga utaona umbo la braketi ya ujana wangu: mraba safi katikati, na fremu nyeupe kuuzunguka. Ni pale ukoga ulipokaa na bakteria wakatoa asidi, asidi ikanyonya madini ya jino. Alama hizo zinaweza kuanza ndani ya mwezi mmoja tu wa uzembe, na zikishaingia hufifia kidogo lakini nyingi haziondoki. Meno yaliyopandana nimeyanyoosha mara ya pili. Madoa hayo ninayo tangu nina miaka 16 na nitazeeka nayo.

Mara hii nilijiwekea dakika sita kila usiku, kwa saa ya simu, nimekaa chini sakafuni mgongo ukutani, maana kusimama kunakufanya uharakishe. Mswaki laini kwanza umeinamishwa kutoka juu ya braketi, kati ya braketi na fizi, maana hapo ndipo ukoga unapojificha. Kisha kutoka chini kwenda juu, kisha bapa kwa bapa. Halafu kile kiburashi chembamba kama cha kusafishia chupa, unakipitisha chini ya waya kati ya jino na jino. Mwisho uzi wa meno. Uzi hauwezi kushuka kwa sababu waya imeziba njia, hivyo unautunga kwenye kitanzi cha plastiki na kuupenyeza chini ya waya, jino kwa jino, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani mara ishirini na kitu. Sitadanganya kwamba niliupenda. Niliweka redio. Dawa ya meno iwe na floraidi, na ukimaliza tema tu, usisukutue, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Zile za kung'arisha ziache kwanza: chini ya braketi hazifiki, na siku braketi zikitoka unaweza kubaki na viraka.

Kilichonibadilisha zaidi si mswaki bali kikombe. Nilikuwa mtu wa kunywa chai ya sukari kwa funda dogodogo kutwa nzima nikirekodi, ili koo lisikauke. Kila funda ni karamu mpya kwa wale bakteria. Sukari ya kikombe kimoja kinachonywewa kwa asubuhi nzima inaliumiza jino kuliko kikombe hichohicho kikinywewa pamoja na chakula kikaisha. Nikahamishia chai mezani, kwenye meza ya kurekodia yakabaki maji.

Kuhusu chakula chenyewe hakuna siri: barafu, bisi, karanga na peremende ngumu hung'oa braketi, tunda gumu likate vipande. Mimi niling'oa mbili, zote kwa kutafuna kifuniko cha kalamu, jambo ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya vyakula.

Wiki ya tisa, usiku, nilizinduka na maumivu ya shavu. Meno yakijipanga, waya inabaki na urefu wa ziada, na ule urefu unatokezea nyuma, kwenye gego la mwisho. Ulikuwa unanichoma kama mwiba. Jambo la busara lilikuwa kuisukuma ncha ijikunje kwa kifutio kilicho upande wa nyuma wa penseli, kubandika nta, kulala, na kupiga simu asubuhi. Mimi nilichukua kikata kucha. Nikakata. Kipande kikaruka, na kwa nusu saa nilikuwa nimeinamia sinki natema na kupapasa, nikijiuliza kama nimekimeza, hadi nilipokiona kimenasa kwenye nta ya jino la mbele. Nilipomsimulia daktari alinyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Ujanani waling'oa meno manne ili kupata nafasi. Mara hii hawakung'oa hata moja: daktari alipitisha ukanda mwembamba wa msasa kati ya meno ya mbele ya chini na kupunguza sehemu chache za kumi za milimita hapa na pale. Mabishano ya kung'oa au kutong'oa yana umri mkubwa kuliko sisi sote. Daktari wa meno Mmarekani, Edward Angle, ambaye mwaka 1899 aliyapanga matatizo ya meno ya juu na ya chini kutokutana sawasawa katika makundi matatu yanayotumika hadi leo, aliamini mtu hapaswi kupoteza jino hata moja. Wanafunzi wake wengine waliona meno yakirudi, wakabadili mawazo. Mimi nimeonja pande zote mbili, na upande wa msasa una mlio mbaya zaidi.

Baada ya miezi 14 zikatolewa. Koleo linaiminya braketi, "kwa", inaachia, "kwa", nyingine. Kisha gundi inasagwa, na hapo ndipo mtu anakunja vidole vya miguu. Ulimi ulipopita juu ya meno kwa mara ya kwanza yalikuwa na utelezi kama kokoto za mtoni, na midomo ikawa mikubwa kuliko inavyohitajika. Nilicheka peke yangu kwenye gari.

Mara hii niliuliza maswali yote ya ritena kabla sijashuka kwenye kiti. Chini nimewekewa ya kudumu: waya mwembamba uliosukwa, umegundishwa nyuma ya meno sita, kutoka chonge hadi chonge. Haiwezi kupotea, hilo ndilo jema lake. Baya lake ni kwamba uzi wa kupenyeza hautastaafu, maana nyuma ya meno ya chini ndipo mate yanapomwagika kutoka chini ya ulimi, na ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, hupenda kujijenga hapo. Isitoshe gundi ya jino moja inaweza kuachia kimyakimya, waya ukabaki umeshikwa na mengine, na lile lililoachiwa likaanza safari yake. Kila Jumapili napitisha ukucha, jino kwa jino, kuhakikisha waya hautikisiki.

Juu ninavaa ya plastiki angavu. Hii ndiyo iliyoiponza "s" yangu. Ikifunika meno, hewa inatafuta njia mpya, na kwa siku nne nilikuwa napuliza kama kettle. Nikajitungia sentensi ya mazoezi: "Siku sita Sada alisaza sahani saba za samaki." Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, kwa sauti, bila kuona haya. Siku ya tano Sada alisaza samaki wake bila miluzi.

Na niliiharibu. Wiki ya pili tu. Ilikuwa na harufu, nikaona niue vijidudu kwa maji yaliyochemka. Plastiki ile imeundwa kwa joto, na kwa joto inaumbuka: ilijikunja mbele ya macho yangu kama jani juu ya moto. Daktari alichukua vipimo upya, na siku zote hizo nilikuwa nalala na hofu, nikijitazama kila alfajiri kama mlinzi wa benki. Sasa naiosha kwa maji ya kawaida, mswaki wake laini na tone la sabuni ya vyombo. Dawa ya meno siitumii, kwani inaikwaruza na mikwaruzo ndiyo nyumba ya harufu. Ikiota utando mweupe mgumu, inalala nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha mswaki tena. Nikiwa nimeivaa sinywi kitu kingine isipokuwa maji. Na haiguswi na karatasi laini, kamwe: ritena iliyofungwa kwenye karatasi mezani huonwa na wengine kuwa taka, na inatupwa kwa nia njema kabisa.

Miezi sita ya kwanza niliivaa usiku na mchana, nikaivua kwa kula na, nakiri, kwa kurekodi. Sasa ni usiku tu. Nikiikosa usiku mmoja, wa pili yake naihisi imekaza kidogo. Mkazo huo ndio kipimo changu. Ikiingia bila neno, meno yako nyumbani.

Mpwa wangu alitolewa zake miezi miwili iliyopita. Alichagua ile ya mtindo wa Hawley, yenye plastiki ya kukaa kwenye kaakaa na waya mmoja mbele, kwa sababu aliambiwa anaweza kuchagua rangi. Ni ya zambarau na ina vimetameta. Siku aliyoipata alinitumia picha tisa.

Juzi saa nne usiku akaniandikia: "Mama mdogo, ritena yangu imekuwa ndogo."

"Hujaivaa siku ngapi?"

Vidoti vitatu vikatokea, vikapotea, vikatokea tena.

"Tatu. Nne na leo."

"Inaingia yote?"

"Inaingia ila inauma."

"Ivae sasa hivi. Ulale nayo. Asubuhi nitumie picha."

Picha ilikuja saa kumi na mbili na dakika tano, macho yamevimba kwa usingizi, zambarau tupu.